Kwaya na Nadharia ya Muziki Shuleni Nairobi: Unacholipia na Unachopata

Tuanze na hukumu, maelezo yafuate. Programu za kwaya na nadharia ya muziki katika shule za upili hapa Nairobi zinaifanya kazi moja vizuri, nayo ni kuandaa kwaya ya mashindano. Kazi ya pili, ya kumwezesha mwanafunzi ashike karatasi ya muziki ambayo hajawahi kuiona na aiimbe, nyingi zinaifanya kwa kulegalega. Kazi ya kwanza huzaa makombe, na makombe hupangwa kwenye kabati nje ya ofisi ya mwalimu mkuu mzazi ayaone akipita. Ya pili haina kabati, lakini ndiyo inayoleta alama kwenye KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne. Ukienda kuikagua shule, angalia pale ambapo kwaya na darasa vinakutana. Shule nyingi haziwahi kuvikutanisha.

Kwa asiyejua mpangilio: Muziki ni somo nambari 511, lenye karatasi tatu. Ya kwanza ni ya utendaji. Mtahiniwa huimba au hupiga ala mbele ya mtahini, hupiga skeli na arpejio, husoma kipande kigeni papo hapo, na huonyesha muziki wa Kiafrika. Ya pili ni ya usikivu: anasikiliza na kuandika midundo na melodi, anataja intavali (umbali kati ya nota mbili) na kadensi (kordi za kufungia sentensi), na anatambua wimbo umehamia ufunguo gani. Ya tatu ni ya kuandika, ambamo kuna kutunga melodi, kupanga sauti nne, historia ya muziki wa Kiafrika na wa Magharibi, na uchambuzi wa kazi zilizoteuliwa. Somo lenyewe liko kundi la tano pamoja na Biashara, Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, kwa hiyo ratiba za shule nyingi zilimlazimisha mwanafunzi achague kati ya Muziki na Biashara akitoka kidato cha pili.

Kwaya kwa upande wake si somo. Hukutana kuanzia saa kumi jioni, wakati wa michezo, na kalenda yake huamuliwa na Tamasha za Muziki za Kenya, ambazo zimekuwapo tangu 1927. Mashindano hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda, kisha taifa, na fainali kwa kawaida huwa Agosti. Ndiyo maana muhula wa pili kwaya hufanya mazoezi karibu kila siku, na wa tatu ukifika huwezi kuipata. Kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa anayerudi Umoja au Kayole, mazoezi yakiisha saa kumi na moja na nusu ndipo nauli ya matatu inapopanda, na Mei mvua ikinyesha inapanda zaidi. Mwalimu anayejua kazi yake humaliza kwa dakika aliyosema. Asiyefanya hivyo huwapoteza watoto wa mbali kwanza, na mara nyingi hao ndio besi zake.

Mazoezi yanavyopaswa kwenda

Kipindi kizuri cha dakika 80 hugawanywa hivi: dakika 10 za kupasha sauti, 15 za kusoma kitu kipya, 40 za wimbo wa msimu, na zinazobaki za wimbo ambao watoto wanaupenda. Ukiketi nyuma ya ukumbi, hizo 15 za kusoma ndizo za kusubiri. Shule nyingi hazina hata dakika moja ya kusoma. Mwalimu hupiga sauti ya alto kwenye kibodi, alto wanarudia, anahamia sauti ya tena (sauti ya juu ya wanaume), wao wanarudia, hivyo hivyo hadi Agosti. Kwa nyimbo tatu njia hii ni ya haraka kweli, na Februari utadhani kwaya imekomaa. Gharama yake huonekana Oktoba, mwanafunzi aliyeimba sauti ya pili kwa miaka mitatu anapopewa vipimo vinane (vipande vya mapigo kati ya vizuizi) vya kuimba bila kusikilizishwa na kukwama kwenye cha pili.

Kuna pia shule zinazokodi mkufunzi wa nje kwa msimu. Wengi wao ni mahodari na matokeo huonekana, lakini tamasha likiisha naye ameondoka, na mara nyingi mwalimu wa darasani hajui hata ni mazoezi gani ya sauti yaliyotumika. Mwulize mwalimu wa Muziki nani anaongoza kwaya. Akikujibu "ni mtu mwingine," uliza wawili hao hukutana mara ngapi kwa muhula.

Katika kupasha sauti, mtazame mwongozaji anarekebisha nini. Pumzi inapaswa kufungua mbavu bila mabega kupanda. Baada ya kutetemesha midomo, irabu tano huimbwa juu ya skeli inayoshuka. Hapa watoto wetu wana bahati, kwa sababu irabu za Kiswahili hazitelezi, na Kilatini cha nyimbo za kanisa kinakwenda vivyo hivyo. Kiingereza ndicho chenye mtego: neno kama "day" au "night" lina irabu mbili ndani ya silabi moja, na waimbaji hamsini wakihamia ile ya pili kila mmoja kwa wakati wake, kordi inachafuka ingawa kila mtu yuko kwenye nota yake. Dawa ni kuishikilia irabu ya kwanza karibu muda wote na kuigusa ya pili mwishoni tu.

Kasoro inayosikika zaidi kwenye kwaya zisizoambatana na ala ni kushuka. Wimbo unaanza katika G na kufikia mwisho uko F shapu au chini zaidi. Sababu zake zinajulikana: nota moja inayorudiwarudiwa, melodi inayoshuka hatua kwa hatua, "mi" ya skeli ya meja inayoimbwa chini kidogo, na pumzi inayoisha kabla ya sentensi. Mwongozaji anayepiga kelele "pandisheni!" huongeza tatizo, kwa sababu soprano wanakaza koo na besi wanabaki walipo. Anayejua huwasimamisha, huwarudisha kwenye "do" ya besi, hujenga kordi juu yake sauti moja moja, na siku nyingine huanzisha wimbo nusu toni juu ili masikio yaache kuzoea mahali pamoja. Awe na uma wa kutolea sauti wa A ya 440, au programu ya bure kwenye simu. Anayekisia ufunguo jukwaani huanza juu mno kwa sababu ya msisimko, na ukurasa wa tatu soprano wanapiga mayowe.

Sauti za watoto

Shule nyingi kubwa za jiji hili ni za jinsia moja. Kenya High na Pangani ni za wasichana, Lenana na Nairobi School za wavulana. Kwaya ya wasichana huimba soprano mbili na alto, ya wavulana huimba tena mbili na besi mbili. Kisha darasani wote wanaambiwa wapange soprano, alto, tena na besi. Msichana anayeandika sauti ya besi ambayo hajawahi kuimba karibu nayo anaandika hesabu, haandiki muziki. Programu nzuri hulitatua hili kwa mojawapo ya njia mbili: walimu wa kiume wanaimba besi darasani, au shule mbili jirani zinakutana mara chache kila muhula kuimba tenzi za sauti nne. Njia ya pili haihitaji zaidi ya basi na ruhusa ya walimu wakuu wawili, na inashangaza kwamba ni wachache wanaoifuata.

Kwa wavulana wa Gredi ya 10 liko jambo lingine. Sauti iliyovunjika karibuni inaweza kuwa na eneo lisilofika oktava moja. Mwalimu mwenye haraka humtupa mtoto huyo kwenye besi kwa sababu "ameshakuwa mwanamume," naye anasukuma koo lishuke mahali ambapo bado halifiki. Dalili ni rahisi kuona: kidevu kimebanwa kifuani, nota za chini zina hewa tupu, na mtoto ana sauti ya kukwaruza asubuhi inayofuata. Sauti zipimwe upya kila mwanzo wa muhula. Uliza lini zilipimwa mara ya mwisho.

Darasa la nadharia

Watoto wengi hufika wakiwa na solfa, yaani nota zilizoandikwa kwa majina ya do, re, mi, kutoka kanisani, na hiyo ni mali. Wanajua nukta pacha hutenganisha mapigo, kistari hurefusha, nukta moja hugawa pigo nusu. Solfa humfundisha mwimbaji uhusiano wa nota na nyumbani kwake, yaani nota kuu ya ufunguo, jambo ambalo mistari mitano pekee haimpi. Udhaifu wake ni kwamba haichori umbo la melodi, na wimbo ukihama ufunguo, ile nota ya daraja yenye majina mawili huwachanganya wengi. Mwalimu mzuri hufundisha vyote viwili bega kwa bega: kipande kinaandikwa ubaoni kwa mistari, darasa linakiimba kwa solfa, halafu zoezi linageuzwa. Mwalimu anayedharau solfa kuwa ni ya kanisani anatupa nusu ya mtaji wa wanafunzi wake.

Kuna jaribio dogo linalofaa siku ya wazazi. Omba wanafunzi wa kidato cha tatu waimbe mstari wa kwanza wa wimbo wa taifa kwa solfa. Wimbo huo, ulioandaliwa 1963 na kamati iliyotumia melodi ya Wapokomo ya kubembeleza mtoto, uko katika skeli ya maina. Anayelazimisha nyumbani kuwe "do" atagomewa nao. Aliyefundishwa ataweka nyumbani kwenye "la" bila kusita. Kila mtu anaujua kwa kichwa, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutokuwa na nakala.

Kutunga melodi juu ya maneno ndiko kunakoonyesha tofauti ya walimu wazuri na wa wastani. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo ndiyo inayotaka pigo zito. Mwanafunzi asiyeambiwa hili huanza sentensi yoyote kwenye pigo la kwanza, na "mtoto" linatoka na uzito kwenye "m". Utaratibu ni huu: soma maneno kwa sauti huku ukipiga makofi, pigia mstari silabi nzito, chora kizuizi cha kipimo kabla ya kila nzito kuu, kisha ndipo utafute nota. Chukua "Mtoto anakwenda shule" katika mapigo manne. "M" hukaa peke yake kwenye pigo la nne kabla ya kizuizi. "To-to-a-na" hujaza kipimo cha kwanza. "Kwe-nda-shu-le" cha pili, "kwe" ikiwa kwenye pigo la kwanza na "shu" kwenye la tatu ambalo pia ni zito. Melodi iliyoanza kwa pigo moja la ziada hulipa deni hilo kwenye kipimo cha mwisho, ambacho kinapunguzwa pigo moja. Wengi hupoteza alama hapo.

Kisha kuna suala la "m" na "n". "Mtoto" lina silabi tatu lakini "mvua" mbili tu, na katika "mtu" mkazo uko juu ya "m" yenyewe, kwa hiyo "m" hiyo inahitaji nota yake, tena nzito. "Nchi" ni vivyo hivyo. Ukikuta daftari ambamo mwalimu amesahihisha jambo hili kwa kalamu nyekundu, huyo ni mwalimu.

Kupanga sauti nne hufundishwa kama orodha ya makatazo: kwinti sambamba (sauti mbili zinazotembea pamoja kwa umbali wa nota tano), oktava sambamba, "ti" kurudufishwa. Wanafunzi hukariri na bado huyafanya. Wakielezwa sababu hukumbuka. Sauti mbili zikitembea pamoja kwa oktava, sikio linasikia moja, na kati ya nne ulizoahidi zinabaki tatu. "Ti" ikiwa katika sauti mbili, zote zinataka kupanda kwenda "do", na hapo hapo umezaa oktava sambamba. Katika daftari zuri utaona hatua: kadensi zimewekwa kwanza mwishoni mwa kila sentensi, besi imefuata huku ikienda kinyume na soprano inapowezekana, na alto na tena zimejazwa mwisho kwa mwendo mfupi kuliko yote. Kati ya soprano na alto, na kati ya alto na tena, pasizidi oktava. Besi na tena wana ruhusa ya kuachana zaidi. Anayeanza na kordi ya kwanza na kusonga kulia moja baada ya nyingine hufika kwenye kadensi akiwa amejifungia, na ndipo kwinti sambamba zinapozaliwa, kwenye kordi mbili za mwisho.

Swali la kumwuliza mwalimu ni hili: je, zoezi likishasahihishwa, linaimbwa? Wanafunzi wanne, dakika tatu, mbele ya darasa. Mwimbaji wa tena aliyeandikiwa miruko ya kipuuzi atalalamika mwenyewe. Hapo ndipo kwaya na darasa vinakutana, na kukutana huko hakuhitaji bajeti.

Imla ya muziki, yaani kuandika unachosikia, haifundishiki kwa saa moja ya Ijumaa. Dakika tano kila kipindi cha dakika 40 hufanya kazi zaidi. Mara ya kwanza mwanafunzi asiandike kitu, atafute mapigo tu na aamue ni mawili, matatu au manne. Mara ya pili aandike midundo na nota ya mwanzo na ya mwisho. Nota za katikati huja baadaye, kwa solfa kwanza, mistari mwisho. Wanaoanguka karibu wote huanza kuandika nota sekunde ya kwanza na kukosa zilizobaki.

Vifaa

Piano nzuri inapendeza, ila si sharti. Kibodi ya vibonye 61 inatosha kwa sauti nne, kwa sababu oktava zake tano zinafika chini kuliko besi yeyote wa shule. Iwe na vibonye vinavyosikia uzito wa kidole, na iwe na betri au chanzo kingine umeme ukipotea. Kitu cha kuchunguza ni kitufe cha kuhamisha ufunguo. Wapiga kinanda wengi wa makanisani hucheza kila kitu katika C na kuachia kitufe hicho kazi ya kuhamisha. Jumapili kinawasaidia, ila darasani ni sumu: mwanafunzi anaona C huku anasikia E flati, na baada ya mwaka mmoja hajui shapu za A meja ni zipi. Shule makini hukifunika kwa plasta. Tunaipa alama ya ziada.

Vyeti vya nje, na gharama

Shule za binafsi hupenda kutangaza mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza. Ni mitihani ya heshima, lakini ijue kwa undani. Nadharia ya gredi ya 1 hadi 5 hufanywa mtandaoni kwa maswali ya kuchagua jibu, ina alama 75, na kufaulu ni 50. Gredi ya 5 ya nadharia ndiyo njia ya kawaida ya kufungua gredi ya 6 hadi 8 za utendaji. Inamjenga mtoto katika funguo hadi shapu au flati sita, na hilo ni zuri. Haimfanyi atunge melodi yenye maneno wala haimgusi muziki wa Kiafrika, kwa hiyo mzazi asidhani cheti hicho kinabeba karatasi ya tatu ya KCSE. Kwa mtoto ambaye shule yake haina mwalimu wa somo, Kenya Conservatoire of Music, iliyopo tangu 1944 karibu na Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, ni mahali pa kwenda kuulizia masomo binafsi.

Kabla ya kulipa, omba orodha ya yale yasiyo ndani ya karo: sare ya kwaya, usafiri na malazi kwaya ikipanda ngazi, ada ya mtihani wa nje kwa kila kikao, na malipo ya mpiga kinanda. Hilo la mwisho husahaulika. Mtahiniwa wa sauti ambaye wimbo wake una sehemu ya piano anahitaji mpigaji aliyefanya naye mazoezi kabla ya siku ya mtihani. Atakayeletwa asubuhi hiyo akiwa na kasi yake mwenyewe hatamsaidia.

Kwa walioingia Gredi ya 10 kuanzia Januari 2026, mfumo ni mwingine. Kundi la mwisho la KCSE litafanya mtihani 2027, na wanaofuata hukutana na Muziki na Densi ndani ya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule ikikuambia inatoa mkondo huo, usikomee kwenye jina la mkondo. Uliza mwalimu wa Muziki ameajiriwa tayari au anatafutwa, yuko peke yake au wawili, na chumba cha muziki kina mlango unaofungwa, kwa sababu imla haiandikiki kando ya uwanja wa mpira wa kikapu.